Safari ya Baiskeli Isihamishiwe Kiangazi

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tu wazima, ingawa nyumbani kwangu mama bado anasema kikohozi changu ni cha ile safari ya mwezi wa Mei.

Safari hiyo hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Katika mkutano wetu wa mwisho ililetwa hoja kwamba siku yetu ya kutembea kwa baiskeli, ambayo huwa Jumamosi moja ya muhula wa pili, ihamishwe iwe Januari au Februari, jua likiwaka na barabara zikiwa zimekauka. Wengine wakaruka mbali zaidi. Walisema baiskeli ziachwe kabisa, tukodi basi kama shule zingine, twende Thimlich Ohinga, tupige picha, tunywe soda, turudi. Hoja haikupigiwa kura kwa sababu kengele ililia. Itarudi mezani mkutano ujao, na kwa kuwa nawajua wenzangu wanavyopenda kuinua mkono kwa kumtazama jirani, nimeona niseme yangu mapema.

Yangu ni haya: safari ibaki masika, ibaki ya baiskeli, na iende kule kule ilikokwenda mwaka huu, kwenye tambarare za Mto Kuja.

Sina ugomvi na Thimlich Ohinga. Ni fahari yetu sote wa Migori. Kuta zile za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji huenda zilijengwa karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Twendeni, hakuna aliyekataza. Lakini mawe yale yapo Januari, yapo Mei, yapo Desemba. Hayana haraka. Nyatike ya masika haipo Januari. Ukiitaka, uifuate siku yake.

Kwa wale ambao hawakuja, ngoja niwasimulie kidogo. Tulikuwa watu kumi na sita pamoja na mwalimu mlezi wa chama, na baiskeli tisa. Mwalimu alipanda yake peke yake, sisi kumi na watano tukagawana nane, kwa hivyo karibu kila mtu alipakia na kupakiwa kwa zamu. Wasichana tulikuwa watano. Baiskeli yangu ni ile Black Mamba ya marehemu babu, nzito kama ng'ombe, lakini karia yake inaweza kubeba gunia la mahindi na mwenye gunia juu yake.

Tulitoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa barabara ya Muhuru. Kutoka Suna ardhi inainama polepole kwenda ziwani. Mtu aliye ndani ya gari hawezi kulitambua jambo hilo, miguu ndiyo inayotambua. Mpaka Masara tulikuwa tunashangilia tu, upepo usoni, breki zikilia kwii, kwii. Hakuna aliyefikiria kwamba kila mteremko wa asubuhi ni mlima wa jioni. Macalder tukapumzika. Mwalimu alitueleza habari ya mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, na kwamba bwawa la Gogo kwenye Mto Kuja lilijengwa miaka ya 1950 ili kuupa mgodi huo umeme. Mgodi umekufa, bwawa bado liko. Na dhahabu bado inatafutwa na watu wa kawaida kwa sururu na karai.

Hapo Macalder wenzetu watatu wanaotoka Kadem walifanya jambo lililotushangaza. Walichukua spana wakaanza kufungua madigadi za baiskeli zao, wakazifunga kwenye karia kwa mpira. Halafu kila mmoja akavunja kijiti cha urefu wa kiganja akakitia mfukoni. Tulipouliza, mmoja akacheka akasema, "Ngojeni tu, mtatuazima."

Hatukungoja sana. Tuliiacha barabara kubwa tukashika njia ya udongo, na mvua ikaanza. Jamani, mvua ya mahali tambarare si kama hii yetu ya Suna, ambapo mtu hukimbilia barazani kwa duka la jirani. Kule unaiona ikija kutoka mbali kama pazia jeupe, unajua itakufikia, na huna pa kwenda. Mbele uwanda, nyuma uwanda. Ilipotufikia tulikuwa tumelowa hata kabla ya kusema "imefika".

Udongo wa kule ni mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa pana. Ukinyeshewa huvimba na kunata kama ugali mbichi. Baiskeli zenye madigadi hazikwenda hata hatua hamsini. Tope lilijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka, ukisukuma linaburuzika tu kama jiwe. Hapo vile vijiti vikawa mali. Tukajifunza mengine pia: usifuate njia, fuata majani yaliyo kando yake, maana mizizi hushika udongo, usikanyage pedali kwa nguvu, kanyaga taratibu bila kukatiza, na ukishindwa usione haya kuinua baiskeli begani. Mimi na Black Mamba ya babu, ndugu zangu, ilifika mahali baiskeli ndiyo iliyonipanda. Kilomita tatu zilitumaliza saa moja na dakika kumi. Mwalimu alikuwa na saa.

Tulijikinga kwa mzee mmoja ambaye alituona kutoka mlangoni mwake akatupungia mkono. Aliponitazama na ile baiskeli aliniuliza kama mimi ni nyar Suna, nikasema ndiyo, mzee. Akatuwekea viti chini ya kibaraza, mama akaleta uji. Kwenye ukuta wa nyumba yake, juu kidogo ya magoti yangu, kulikuwa na mstari wa rangi ya tope unaozunguka nyumba nzima kama mshipi. Nilidhani ni rangi. Kumbe ni alama ya maji.

"Sisi hapa hatutazami mawingu yaliyo juu yetu," mzee alisema. "Tunatazama yale ya Kisii."

Maneno hayo sitayasahau. Mto Kuja unatoka katika milima ya Kisii, unakusanya maji ya huko, unaungana na Mto Migori wetu huu tunaouvuka kila siku, kisha wote kwa pamoja unateremka Nyatike. Sasa maji yaliyokuwa yakikimbia milimani yakifika kwenye uwanda hupoteza mbio, yanatandaa. Ndiyo maana mtu wa kule anaweza kulala jua limewaka kutwa nzima, mawingu hakuna, na usiku akaamshwa na maji kitandani. Na ziwa likiwa limejaa, mto haupati pa kumwaga. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likafikia kile kiwango cha juu cha mwaka 1964. Mwaka 2024 likajaa tena, na nyote mnakumbuka kwamba mwaka huo shule za Kenya nzima zilichelewa kufunguliwa muhula wa pili kwa ajili ya mafuriko, mpaka tarehe 13 Mei. Sisi wa Suna tulizifurahia zile wiki mbili za ziada. Kule watu walikuwa wakihama na magodoro kichwani.

Lakini msidhani ni nchi ya huzuni. Mvua ilipopungua tuliona mashamba ya mpunga ya mradi wa unyunyizaji wa Lower Kuja, kijani kibichi mpaka macho yanauma, na yangeyange weupe wakitembea humo kama wasimamizi wa mtihani. Maji yale yale yanayobomoa nyumba ndiyo yanayolea mpunga. Ukipita na basi unaona "shamba". Ukisimama humo na baiskeli begani unaelewa kwa nini watu hawahami moja kwa moja.

Sasa nifike kwenye shina la jambo. Wale wenzetu watatu wa Kadem wanasoma nasi lakini wakati wa wiki wanakaa kwa shangazi na wajomba huku Suna, maana shule yetu ni ya kutwa na haina bweni. Ijumaa jioni hurudi kwao kuchukua unga na pesa kidogo, Jumatatu alfajiri hurudi shuleni. Kila mwaka, masika, wanachelewa Jumatatu. Mlangoni kuna orodha ya wachelewaji, na aliyeandikwa hufyeka nyasi mpaka kipindi cha tatu. Hesabu ni kipindi cha kwanza na cha pili siku ya Jumatatu. Basi mtu anaweza kukaa muhula mzima bila kusoma Hesabu za Jumatatu, kisha mwisho wa muhula tunasomewa matokeo na darasa linacheka, ati watu wa Nyatike hawajui Hesabu.

Hao wenzetu waliwahi kujieleza. Waliambiwa barabara ni ile ile ya wote, na kwamba mwenye nia haangalii mvua. Siku ya safari mwalimu mlezi alipimiwa kwa saa yake mwenyewe kilomita tatu kwa saa moja na dakika kumi. Jumatatu iliyofuata alizungumza na walimu wenzake, na tangu siku hiyo wanaotoka upande wa bondeni wanaruhusiwa kuingia darasani kwanza, maelezo baadaye. Ni jambo dogo, na bado halijaandikwa popote. Linategemea nani yuko zamu mlangoni. Lakini nawauliza ninyi mnaotaka Januari: mngepima nini Januari? Januari ile njia ni ngumu na laini kama meza. Tungefika kwa mzee kwa dakika kumi na tano, tungenywa uji, na tungerudi tukisema, "Kumbe ni karibu hivi! Hawa huchelewa kwa nini?" Safari ya kiangazi ingewatia wenzetu hatiani zaidi.

Kuna wanaosema baiskeli yenyewe imepitwa na wakati. Hili lanichekesha. Hii biashara ya boda boda tunayoiona kila kona ya Migori ilianza kwa baiskeli, kule mpakani Busia, watu wakivushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, ndiyo maana ya jina lenyewe. Wazazi wetu wanasimulia jinsi walivyopanda karia zenye matakia mekundu. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na baada ya hapo pikipiki zikamiminika, baiskeli za abiria zikapotea mjini. Siwalaumu waendeshaji, wengine ni kaka zetu. Lakini nauli ya boda kutoka kwetu hadi shuleni ni shilingi 50. Kwenda na kurudi ni 100, kwa wiki 500. Mama anauza omena. Anajua, nami najua, kwamba hiyo 500 haipo. Black Mamba ya babu hunifikisha kwa dakika thelathini na tano, mvua ikinyesha hamsini, na haijawahi kuniambia "utanilipa siku nyingine".

Wasichana mnanielewa. Masika ndiyo msimu wa lifti za bure. Mvua inanyesha, kitabu kinalowa, mtu anasimama kando yako na mwavuli mkubwa wa pikipiki, anasema panda tu, dada, hakuna pesa. Leo hakuna pesa, kesho hakuna pesa, na siku moja anaitaka ile pesa kwa njia nyingine. Tuna wenzetu waliokuwa nasi kidato cha kwanza ambao sasa wananyonyesha. Sitaki kusema zaidi, kila mtu hapa anamjua mmoja. Ndiyo maana nashangaa sana nikisikia mzazi akisema msichana akipanda baiskeli anaharibika, lakini hasemi lolote akimwona amepanda pikipiki ya mtu asiyemjua. Nyanya yangu mwenyewe alinikataza mwanzoni. Nilimuuliza, "Nyanya, kati ya ndiga ya babu na pikipiki ya mgeni, unataka nirudi nyumbani na ipi?" Alinyamaza, kisha akanipa kitambaa cha kufuta tandiko.

Wapo watakaosema mvua na baiskeli haviendi pamoja. Mwalimu wa Jiografia alitufundisha kuhusu Uholanzi, nchi tambarare kuliko Kadem, mvua haiwaishi, upepo wa bahari usiseme. Kule baiskeli ni nyingi kuliko watu. Na haikuwa rahisi tangu jadi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini humo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto, na wazazi wakaandamana mpaka serikali ikaanza kujenga njia za baiskeli. Karibu nasi zaidi, mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa barani Afrika. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024. Na Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kujifunza kuendesha na Mkenya mwenzetu David Kinjah. Huwezi kuniambia baiskeli ni kitu cha watu waliokosa nauli tu. Ingawa, kusema kweli, hata kama ingekuwa hivyo, waliokosa nauli ndio wengi katika shule yetu.

Haya, kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ina uzito, nayo ni radi. Sehemu zetu hizi radi si mchezo, na mtu aliye juu ya uwanda mtupu na chuma mkononi hana raha. Nakubaliana nao. Lakini dawa yake ni kupanga, dawa si kukimbia. Mvua kubwa ya upande wetu mara nyingi huja alasiri, kwa hivyo tutoke saa kumi na mbili kamili na tuwe tumegeuza kabla ya saa sita. Ngurumo zikisikika, sote tuingie nyumba iliyo karibu, na pasiwe na mtu wa kusimama chini ya mti. Mwaka huu tuligeuza saa nane, na ule mlima wa kurudi Suna tuliupanda tukisukuma, giza likiingia, na taa ilikuwa moja tu. Hiyo ni hatari kuliko tope. Magari yanapita kasi, na barabara haina nafasi ya mtu wa baiskeli. Taa mbili, moja mbele ya msafara na moja nyuma, ni lazima.

Hoja ya mafua siijibu. Mafua tunayo hata tukiwa darasani, paa la kidato cha tatu linavuja.

Ningependekeza pia kwamba mwakani tusipite tu. Wenzetu wa Kadem wametuambia kuna njia mbili za kufika kwao masika, ya majani na ya ukingo wa mfereji. Tuzipime zote kwa saa, tuandike siku, mvua na dakika, na nakala ipelekwe ofisini ibandikwe pale pale penye orodha ya wachelewaji. Mwalimu wa zamu akitaka kumwandika mtu, asome kwanza. Hiyo itakuwa kazi ya chama cha lugha kweli, kuandika jambo ambalo watu wamekuwa wakilisema bila kusikizwa.

Fundi wa baiskeli aliye karibu na soko amekubali kukagua breki za kila baiskeli kwa shilingi 20, na viraka viwili atatupa bure. Kila mtu aje na kijiti chake, karatasi ya nailoni ya kufunika daftari, na chakula cha mchana. Spana ya madigadi tunayo moja, tunahitaji nyingine. Majina yanaandikwa kwa katibu wa chama. Nilipochungulia orodha juzi ilikuwa na watu kumi na tisa, wasichana wanane, na baiskeli kumi na moja.